Kovu la uso likiharibiwa na leza ama pili (ile asidi ya kuchubua ngozi): fanya hivi kabla hujarudi kwa mtu yeyote

Kama uko na kioo mkononi sai na unaangalia kovu ambalo mwezi uliopita lilikuwa dogo na leo limekuwa jeusi, ama limeinuka, ama limezama, pole sana. Weka kioo chini kwanza unywe maji. Nimeandika hii juu mimi nilipoharibikiwa nilikesha nikitafuta maelezo kwa Kiswahili nikakosa, nilichopata ni watu wa kuniuzia krimu tu, na hapo katikati nikafanya makosa ambayo wewe sio lazima uyafanye.

Langu nililipata nikiwa na miaka tisa, ukingo wa bati ulinikata shavu la kushoto nikikimbia nyuma ya nyumba, likabaki uzi mwembamba wa kama sentimita tatu. Wengi hawakuwa wanauona mpaka niwaonyeshe. Tumeishi nalo zaidi ya miaka ishirini bila neno. Alafu ikaja harusi ya dadangu mdogo, mimi ndiye msimamizi wake, nikataka uso laini wa picha, nikaingia kliniki moja ya urembo hapa Nairobi nikachomwa leza. Mwenye mashine hakuniuliza kama kwetu kuna mtu mwenye keloidi, yaani kovu linalovimba na kuvuka mpaka wa kidonda, hakujaribu kwanza sehemu ndogo nyuma ya sikio, alinitazama tu akawasha. Wiki ya pili kovu likawa na rangi ya strungi iliyolala kwa sufuria, pana kama kidole changu, na upande wa chini likaanza kuinuka. Nikarudi. Nikaambiwa hiyo ni kawaida, turudie na moto kidogo zaidi, tena nusu bei. Nikakubali. Hiyo ya pili ndiyo iliyoniharibu kabisa.

Ndio maana nasema hili kabla ya mengine yote: ngozi iliyoungua usiiharakishe kwa kuiunguza tena. Kovu linajipanga huko ndani kwa mwaka mzima na zaidi, kolajeni, zile nyuzi zinazoshikilia ngozi, inawekwa, inabomolewa, inawekwa upya, na hata kazi ikiisha ile ngozi hairudii nguvu zake zote, inafika kama asilimia 80 hivi. Kwa hivyo unachokiona wiki ya tatu bado kinabadilika. Mtu akikwambia urudi wiki hiyo hiyo akurekebishie, mwambie asante, shika mkoba wako, toka. Mashine na asidi zingoje miezi, kwa kawaida sita na kuendelea, na kwanza daktari wa ngozi awe amekuona. Kitu kimoja tu ndicho hakingoji hivyo, nacho ni kovu linalovimba, hilo linatibiwa mapema na nitalifikia.

Kama bado ni kidonda

Osha mara mbili kwa siku kwa maji ya kawaida na sabuni isiyo na harufu, vidole tu bila kitambaa cha kusugulia. Kausha kwa kugusagusa. Paka jeli ya petroli, ile ya kawaida kabisa isiyo na manukato, safu nyembamba, na ukiona pameanza kukauka rudia. Najua wengi tumelelewa tukiambiwa kidonda kiachwe kipigwe na hewa kishike kigaga. Lakini tangu 1962 mtafiti wa Uingereza, George Winter, alionyesha kwenye ngozi ya nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu kinaota ngozi mpya karibu mara mbili haraka kuliko kilichoachwa wazi kikauke. Spiriti na haidrojeni peroksidi weka mbali na uso, hizo zinaua pia zile seli zinazojenga.

Kigaga kikishika, kiache. Mimi changu nilikibandua kazini, kwenye kioo cha choo, kwa ukucha wa kidole gumba, kilikuwa kimeinuka upande mmoja na kinaniwasha, nikavuta pole pole nikidhani kimeiva. Kikatoka na tone moja la damu. Hapo kilipotoka ndipo pana kashimo mpaka leo, kadogo kama kichwa cha kiberiti, na hako sio leza iliyokaleta, ni mimi.

Retinoli, skrabu, vitamini C, sabuni za kung'arisha, zile maji za asidi, zote toa kwa meza mpaka ngozi ifunge kabisa. Uso uliojeruhiwa unahitaji vitu vitatu tu, kuoshwa, kulainishwa na kukingwa jua.

Kuna siku huwezi kungoja miadi, unaenda hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu yakizidi baada ya siku ya pili ama ya tatu badala ya kupungua. Usaha, harufu, homa. Uvimbe unaopanda kuelekea jichoni. Na usingoje kuona wekundu kama ule wa kwa vitabu, ngozi yetu nyeusi haionyeshi hivyo, angalia kama pamekuwa zambarau ama peusi kuliko jirani yake, alafu weka mgongo wa mkono, ukisikia joto upande mmoja tu hiyo ni dalili. Ingine ambayo watu hawaijui ni malengelenge madogo madogo yaliyokusanyika pamoja yanayochoma kama sindano. Hiyo inaeza kuwa herpesi, virusi vile vile vya vidonda vya mdomo, wengi tunavyo vimelala na leza ama pili inaviamsha. Dawa yake ipo, asiklovia na ndugu zake, lakini inasaidia zaidi ikianzwa ndani ya siku tatu za kwanza, na ukipaka krimu ya steroidi hapo unakuwa umevilisha.

Kujua una nini hasa

Hapa ndipo wengi tunapotea. Tunasema "kovu limeharibika" kana kwamba ni ugonjwa mmoja, alafu tunanunua dawa moja. Kovu lililoharibiwa linaeza kuwa na rangi, ama mlima, ama bonde, ama yote, na kila moja ina njia yake, na dawa ya moja inaharibu ingine. Krimu ya kutoa weusi haishushi mlima. Sindano ya kushusha mlima ukichomwa kwa bonde unachimba bonde zaidi.

Fanya hivi jioni. Zima taa ya chumba, simama mbele ya kioo, washa tochi ya simu. Kwanza imulike usoni kutoka mbele moja kwa moja. Hapo utaona rangi peke yake, mwanga wa mbele unafuta vivuli. Alafu sogeza simu mpaka iguse sikio, imulike shavu kwa ubavu. Sasa rangi inapotea na unaona umbo, mlima unatupa kivuli upande wa pua, shimo linakuwa jeusi ndani. Alafu zima tochi, fumba macho, pitisha ncha ya kidole juu ya kovu pole pole bila kubonyeza. Kidole kikipita kama hakuna kitu na bado ulikuwa umeona weusi, hiyo ni rangi tu, na rangi ndiyo yenye matumaini kuliko zote. Kidole kikipanda, uko na mlima. Kikishuka ni bonde, na hapo ongeza kitu kimoja, vuta ngozi ya pande zote mbili kwa vidole viwili, bonde likinyooka ni la juu juu, lisiponyooka limeshikwa kwa chini na nyuzi za kovu na hakuna krimu duniani itakayolifikia.

Mimi nilikuwa nazo zote tatu ndani ya sentimita tatu.

Piga picha kabla hujaanza chochote. Dirisha moja, saa moja, bila filta, na ushike sarafu ya shilingi kumi kando ya kovu ndio ukubwa uonekane. Kwa mlima hii picha ni muhimu sana, juu kovu lililovimba la kawaida linakaa ndani ya mipaka ya kidonda na mara nyingi linatulia lenyewe na wakati, lakini keloidi inavuka mpaka, inaingia ngozi ambayo haikuwa imeguswa, na haitulii. Ukiona mwezi huu limepita ukingo wa mwezi uliopita, usingoje picha ya tatu.

Kwa nini ilituunguza sisi

Nilimuuliza daktari hili swali nikiwa na hasira na alinijibu kwa upole. Mwanga wa leza nyingi unatafuta rangi. Melanini yetu, ile rangi ya asili ya ngozi, inaunywa ule mwanga kabla haujafika ulikotumwa, unageuka joto, ngozi ya juu inaungua. Zingine, kama ile ya kaboni dioksidi, zinachemsha maji yaliyo kwa ngozi, hizo hazichagui rangi lakini zinaacha jeraha, na ngozi yenye melanini nyingi ikijeruhiwa inajibu kwa kumwaga rangi. Ile skeli ya aina sita za ngozi ambayo utasikia ikitajwa, ya Fitzpatrick, ilitungwa 1975 kwa ajili ya ngozi nyeupe, sisi wa namba tano na sita tuliongezwa baadaye. Kuna leza inayovumilika zaidi kwetu, ile ya nanomita 1064, inapita melanini bila kuiamsha sana, lakini hata hiyo ikishikwa na mtu asiyejua inachoma. Na keloidi zinatupata watu wenye asili ya Afrika kuliko wengine, kwa hivyo swali la "kwenu kuna mtu ana keloidi?" lilikuwa lazima niulizwe. Shangazi yangu anazo mbili kwa sikio tangu alipotobolewa. Ningejibu, kama ningeulizwa.

Jua la Nairobi

Hii ndiyo sehemu watu wanairuka na ndiyo inayoamua kila kitu. Unaeza kulipa dawa zote na kama hujikingi jua unajaza maji kwa ndoo iliyotoboka. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari na ikweta iko hapo tu juu yetu, na mionzi inaongezeka kama asilimia 10 kila ukipanda mita elfu moja. Baridi ya Julai inatudanganya. Unavaa sweta, unaona wingu, unadhani hakuna jua, na mawingu mepesi hayazuii mionzi.

Chukua sanskrini ya SPF 30 kwenda juu, na kama unaeza tafuta yenye rangi, ile ya kahawia inayofanana na ngozi, juu ile rangi yake ni oksidi ya chuma na ndiyo inayozuia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao kwa ngozi nyeusi unaongeza madoa hata bila mionzi ya jua kali. Hiyo nyeupe ya kawaida haiuzuii vizuri. Kipimo ni mistari miwili, kidole cha shahada na cha kati, uso na shingo. Rudia kila masaa mawili ukiwa nje. Wengi tunapaka kidogo kama losheni alafu tunasema haifanyi kazi.

Matatu nayo. Mimi napanda kutoka Rongai, na kwa muda mrefu shavu la kushoto ndilo lililokuwa dirishani kila asubuhi. Kioo kinazuia mionzi ya kuunguza lakini ile mingine inayoleta weusi inapita. Nilianza kuchagua kiti cha ndani, na siku nikikosa navaa kofia ya ukingo mpana ama navuta leso upande huo. Makanga ashaanza kunizoea, ananiita "mama wa leso".

Tena usianze sanskrini kwa kidonda kibichi, ngoja kifunge. Kabla ya hapo ni kofia, leso na kivuli.

Kama ni rangi

Subira kwanza. Weusi wa juu juu, ule wa kahawia, mara nyingi unafifia ndani ya miezi sita mpaka kumi na mbili ukikinga jua. Wenye rangi ya kijivu ama samawati umeshuka chini zaidi na unaeza kukaa miaka. Ukitaka kuusukuma, kuna asidi ya azelaiki ya asilimia 15 mpaka 20, ni pole na hata mama mjamzito anaeza kuitumia daktari akikubali. Kuna tretinoini ya usiku, kidogo kama punje ya njegere uso mzima, unaanza mara mbili kwa wiki, na hiyo ukiwa mjamzito ama unatafuta mtoto usiiguse.

Haidrokwinoni nataka niiseme vizuri. Kwa mkono wa daktari, asilimia 4, miezi mitatu hivi alafu unapumzika, ni dawa inayojulikana na inafanya kazi. Ile ya kwa mikebe isiyo na maelezo, inayouzwa kwa vipodozi huko River Road na kwingine, ni kitu kingine kabisa. Kenya ilipiga marufuku haidrokwinoni na zebaki kwa vipodozi miaka mingi iliyopita na bado ziko. Ukiitumia muda mrefu inaeza kukuletea weusi wa samawati ulio ndani ya ngozi ambao hauondoki, yaani unaingia kutoa doa unatoka na barakoa. Mkorogo wenye steroidi nao unakupa mwezi mmoja mtamu, uso unang'aa, kovu linafifia, alafu ngozi inakonda mishipa inaonekana, ukiacha uso unawaka chunusi na moto. Nilinunua mmoja, niliutumia wiki tatu. Kama uko ndani ya huo usiache kwa fujo, mwone daktari akushushe pole pole.

Kama ni mlima

Silikoni. Hiyo ndiyo ya kwanza madaktari karibu wote wanaanza nayo, na haina makali yoyote, kazi yake ni kufunika kovu na kulibakishia unyevu ndio litulie kutengeneza kolajeni. Iko ya jeli na iko ya karatasi laini inayonata. Kwa uso jeli ni rahisi mchana, unapaka tone moja, unangoja ikauke dakika chache, alafu sanskrini juu. Usiku karatasi. Lengo ni masaa kumi na mbili kwa siku kwenda juu, kwa miezi miwili mitatu angalau, na ngozi lazima iwe imefunga.

Karatasi ni ghali kwa hivyo nikwambie venye nilifanya. Nilikata kipande chenye umbo la kovu na nikaacha nusu sentimita kila upande, pembe nikazizungusha kwa mkasi juu pembe kali ndizo zinaanza kubanduka kwa mto. Asubuhi naitoa pole pole kuanzia upande wa sikio, naiosha kwa sabuni ya kawaida na maji ya vuguvugu mpaka irudie kunata, naibandika mgongoni mwa sahani safi ikauke yenyewe, taulo inaacha manyoya. Kipande kimoja kilinikalia wiki kadhaa hivyo. Ukiona vipele, pumzisha ngozi siku mbili tatu alafu uanze na masaa machache.

Silikoni isipotosha, ama likiwa linakua, ni sindano ya triamsinoloni, dawa ya steroidi, ndani ya kovu lenyewe, kila wiki nne mpaka sita. Sitakuficha, inauma. Kovu ni gumu, dawa inaingia kwa kulazimishwa, unasikia shinikizo mpaka jino. Daktari wangu alikuwa akisema "pumua mama, nimeshaingia", na kwa kioo kidogo nikaona kovu likigeuka jeupe pole pole dawa ikijaa, kama mtu anavuta pazia. Nilipata nne. Baada ya ya pili mwasho uliisha, baada ya ya nne mlima ukawa umelala karibu wote. Hatari yake ni ngozi kukonda, kuzama ama kuwa nyeupe pale, ndio maana usoni wanatumia dozi ya chini na huchomwi na mtu wa saluni. Mtu akikwambia keloidi ikatwe tu iishe, muulize atafuatisha nini baada ya kukata. Ikikatwa peke yake bila sindano ama matibabu mengine nyingi sana zinarudi, na zinaeza kurudi kubwa kuliko zilivyokuwa.

Bonde, na weupe

Kwa bonde hakuna cha kupaka, usipoteze pesa. Kuna daktari kukata zile nyuzi za chini kwa sindano maalum, kuna visindano vya kuchoma choma, kuna kujaza. Visindano havina joto kwa hivyo kwa ngozi nyeusi vina hatari ndogo kuliko leza, lakini ni vya daktari, sio ile roli ya kununua mtandaoni ujifanyie kitandani. Na hivyo vyote vinangoja rangi itulie na mlima ulale.

Pakibaki peupe maana yake seli za rangi zimeumia, na huko kungoja ni kurefu zaidi. Tafadhali usijaribu kuchubua uso uliobaki ndio ufanane. Kuna mekapu nzito ya kufunika, imetengenezwa kwa makovu na haitoki na jasho, na hakuna aibu yoyote kuitumia hata kila siku.

Za nyumbani

Mamangu alipoona picha alipanda gari kutoka kijijini na limau na asali kwa kikapu. Amenipenda hivyo maisha yangu yote. Lakini limau kwa ngozi alafu jua linaunguza, linaacha doa jeusi lingine juu ya lile. Nilimwambia, "Mama, nimeshukuru sana, lakini dokta amekataza chochote cha uchachu," na asali tukainywa na chai. Mafuta ya vitamini E pia kila mtu anayasifu. Kuna utafiti mdogo wa Marekani wa 1999, wagonjwa 15, walipaka nusu ya kovu, na kwa wengi hayakusaidia ama yaliharibu, na kama theluthi walitoka vipele. Dawa ya meno, majivu, kitunguu, hizo ziache jikoni na bafuni.

Kumpata daktari, na kutunza ushahidi

Tafuta daktari wa ngozi, na kama kuna kukata, daktari wa upasuaji wa kurekebisha. Jina lake liangalie mtandaoni kwa rejista ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, kabla hujalipa, utaona kama amesajiliwa na leseni yake ni ya mwaka huu na ni bingwa wa nini. Koti jeupe kila mtu anaeza kununua. Kama pesa ni shida kuna kliniki ya ngozi pale hospitali ya Kenyatta, KNH, ni vizuri uende na barua ya rufaa kutoka hospitali ya chini, na ujipange kwa foleni. SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, uliza mapema kama matibabu yako yanaingia, juu kitu kikiandikwa "urembo" huwa hakilipiwi, na mlima unaowasha na kuuma sio urembo, mwambie daktari dalili zote aziandike.

Nenda bila mekapu na ubebe jibu la haya: ulifanyiwa nini, tarehe gani, mashine gani na nguvu gani, ama asidi gani ya asilimia ngapi na ilikaa dakika ngapi, umepaka nini tangu hapo, hata mkorogo, sema ukweli wote. Daktari wangu alichukua kioo chembamba akakibonyeza kwa kovu. Sehemu iliyofifia ikibonyezwa ni mishipa ya damu, iliyobaki vile vile ni melanini. Sekunde tano, na akajua ni dawa gani asinipe. Muulize pia: umetibu ngozi nyeusi kama yangu, naomba kuona picha? Utajaribu sehemu ndogo kwanza ungoje wiki kadhaa? Jumla ya duru zote ni pesa ngapi? Anayekasirikia maswali haya amekusaidia kujua.

Rekodi zako iombe kliniki ya kwanza kwa maandishi, hata kwa barua pepe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako. Mesej ya M-Pesa usiifute, hiyo ni risiti, ina tarehe na jina. Chukua nakala ya fomu uliyotia sahihi. Kama alikuwa daktari ama kituo cha afya, malalamiko yanapelekwa KMPDC. Kama hakuwa daktari kabisa na alikushika na mashine ya kitabibu, hiyo ni kesi ya polisi. Mimi nilipoomba rekodi nilijibiwa baada ya barua ya pili, na ndani yake kwenye sehemu ya aina ya ngozi palikuwa pamewachwa wazi.

Kuhusu watu. Watakuuliza kwa lifti, kanisani, kwa foleni ya benki. Nilikuwa najibu kila mtu nafika nyumbani nimechoka. Baadaye nikachagua jibu moja, "niliungua, natibiwa," na kimya. Kama unafika pale ambapo hutoki nyumba, huli, hulali, hiyo mwambie daktari pia, nayo inatibiwa.

Picha napiga Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Ya kumi na nne nimepiga wiki hii, dirisha lile lile, saa tatu asubuhi, shilingi kumi kando ya shavu. Rangi imetoka karibu yote, mlima umelala, kashimo ka ukucha kako pale pale. Miadi ya visindano ni mwezi ujao, na daktari ameshanipaka alama ya pale atakapojaribu kwanza, nyuma ya sikio.